Bi Shii na Hedifoni Zinazopumua

Jina lake la kwenye kitambulisho analijua mhasibu wa mishahara peke yake. Wengine wote, kuanzia mfagiaji mpaka muuza magazeti wa pale nje, wanamwita Bi Shii, kwa sababu hiyo ndiyo sauti anayoitoa. Wala haitoi kwa hasira. Anaitoa kama taa nyekundu ya barabarani: hakuna ugomvi hapo, simama tu.

Ametunza kile chumba cha kusomea cha maktaba tangu enzi ambazo kompyuta ilikuwa inafunikwa kitambaa jioni kama mtoto. Humo ndani amewahi kumtoa nje mtu aliyekuwa anatafuna karoti, mtu mwenye viatu vinavyolia, na siku moja mkuu wake mwenyewe wa idara, aliyekuwa anaongea na simu. Mkuu alitoka. Maongezi akayamalizia kwenye mvua.

Shida ni kwamba kimya chake kilifanikiwa kupita kiasi. Watu waliacha kuja. Kila kitu kiko kwenye simu siku hizi, na simu haimwambii mtu shii. Wakabaki watatu: Mzee Posta, mstaafu wa posta anayesoma magazeti kuanzia kichwa cha habari mpaka matangazo ya viwanja, binti mmoja anayesomea uuguzi, mwenye kalamu za rangi nyingi kuliko magonjwa, na bwana mmoja anayekuja kulala. Huyu wa kulala Bi Shii alimvumilia kwa sababu hakoromi. Kwa vigezo vya chumba kile, alikuwa msomaji bora.

Halafu siku moja mkuu wa idara akaja na futi kamba. Akapima ukuta, akapima mlango, akasimama katikati akitabasamu kama mtu anayeonyeshwa nyumba ya kupanga.

"Hapa dirisha la kulipia maegesho," akasema. "Pale vibali."

"Na vitabu?" Bi Shii akauliza, kwa kunong'ona.

"Mama, usilichukulie vibaya. Mwezi ujao, wiki ya mwisho, namtuma afisa aje kuhesabu wasomaji. Nusu ya viti ikijaa, mnabaki. Isipojaa, vitabu vinaingia kwenye maboksi."

"Maboksi yanaenda wapi?"

"Stoo."

"Stoo ipi?"

Mkuu alikuwa bado hajafika huko. "Stoo," akarudia, akakunja futi kamba yake, akaondoka.

Sasa, ukiwa na chumba kitupu, unaanza kusikia vitu. Ng'ambo ya ukuta kuna karakana ya madirisha ya aluminiamu, na karakana ina msumeno. Zamani Bi Shii alikuwa na watu wa kunyamazisha, hakuwa na nafasi ya kuusikiliza. Sasa alikaa anausikiliza kutwa, huku akiwaza maboksi. Aliwahi kwenda dirishani akauambia shii. Haukusikia.

Ndipo akaenda kwa Mshenga.

Mshenga ana kibanda cha vyombo vya sauti nyuma ya duka la dawa, na hilo jina hakupewa kwa bahati mbaya. Yeye hauzi hedifoni, anaziozesha. Kila hedifoni kwake ni binti wa watu, kila amplifaya ni bwana harusi, na kazi yake ni kuangalia kama nyota zinaendana. Bi Shii alitaka kitu kidogo cha kuziba masikio. Mshenga akamvisha hedifoni kubwa kama bakuli mbili, akabonyeza kitu, akakunja mikono akasubiri.

Kulikuwa na gitaa. Kulikuwa na mwanamke anaimba muziki wa dansi wa zamani. Kabla hajaanza ubeti wa pili, yule mwanamke akavuta pumzi.

Bi Shii akageuka nyuma kuangalia nani kaingia.

"Eeh," Mshenga akasema kwa upole wa daktari. "Ndiyo hivyo. Pole mama."

Zilikuwepo za aina mbili. Za kwanza zilikuwa zimefungwa nyuma kabisa: ukivaa, dunia inakufa. Bi Shii akazivua haraka.

"Na wanaonong'ona nitawasikiaje?"

"Basi hizi hapa. Hizi mgongo wao uko wazi, unaona hivi vitundu? Zinapumua. Ukivaa unasikia muziki na unasikia watu."

"Ndiyo zenyewe," Bi Shii akasema. Hewa inaingia, sauti za watu zinaingia, hakuna atakayemficha kitu. Ila mwanamke huyu, ambaye anaweza kusikia mtu akimeza mate rafu ya jiografia, hakujiuliza kama kinachoingia kwenye tundu kinaweza pia kutoka. Jamani. Miaka yote ya kupanga vitabu vya sayansi.

Nyumbani anaishi na mdogo wake, msusi, na mdogo wake alikuwa ameahidiwa mapazia mapya ya sebuleni. Siku hiyo aliangalia mikono ya dada yake ikiingia mlangoni.

"Dada, mapazia yako wapi?"

Bi Shii akaonyesha kichwani.

"Sawa," mdogo wake akasema. "Tutafunika madirisha kwa nyimbo."

Kesho yake kazini Bi Shii akachomeka hedifoni kwenye simu yake. Sauti ikatoka kama mgonjwa anayeomba maji. Alipandisha mpaka mwisho, msumeno ukawa bado unashinda. Akarudi kwa Mshenga.

"Ulizichomeka kwenye simu?" Mshenga akashika moyo. "Mama! Hizi zina upinzani wa omu mia tatu. Maana yake ni ngumu kusukuma, zinataka nguvu. Umemchukua bibi harusi mwenye mwili wake, umemwambia abebwe na kijana mwenye shingo kama kalamu. Anahitaji amplifaya."

Akampa amplifaya, kiboksi cheusi chenye kitufe kimoja cha kuzungusha. Bi Shii akakiweka mezani kwake nyuma ya mhuri, akazungusha, na msumeno ukasogea mbali, kama shemeji aliyehamia mji mwingine: yupo, lakini hakusumbui. Wiki hiyohiyo Mzee Posta akahama meza yake ya miaka yote ya dirishani. Akaja kukaa mbele ya meza ya Bi Shii.

"Macho," akaeleza. "Huku kuna mwanga."

Huku hakukuwa na mwanga. Taa ya upande huo ilikufa zamani. Lakini Bi Shii aliona ni heshima, akamkubalia kwa kichwa.

Shida ya yule bwana harusi mweusi ikawa ukali. Kila yule mwimbaji akitamka "s", sindano ilimpiga Bi Shii sikioni. Mshenga hakushangaa hata kidogo. Alisikiliza, akafumba macho, akatikisa kichwa kama mtu aliyeletewa kesi ya ndoa.

"Nyota haziendani. Hedifoni yako ina hasira, na amplifaya nayo ina hasira. Hapo nyumba haikaliki. Tafuta bwana mpole." Akatoa nyingine, nzito, yenye joto kama kikombe cha chai ukiishika. "Huyu hana haraka. Kila kitu anakisema taratibu."

Na kweli. Sindano zikaisha. Besi, ambayo zamani ilikuwa uvumi tu, ikaja na miguu yake. Katika siku hizohizo binti wa uuguzi akaanza kuja na wenzake, wakajipanga meza za mbele wamefungua vitabu vya mifupa. Bi Shii akaona ni matokeo ya bango jipya alilobandika mlangoni, lililoandikwa KIMYA kwa herufi kubwa zaidi ya lile la kwanza. Alijipongeza kwa chai.

Safari ya mwisho kwa Mshenga ilihusu mchakacho. Nyuma ya muziki, sehemu ambazo gitaa linapumzika, kulikuwa na shaa nyembamba kama mvua ya mbali.

"Hiyo ni simu yako," Mshenga akasema. "Unampa mpishi hodari viazi vilivyooza halafu unakuja kulalamika supu. Muziki ndani ya simu ni namba tupu, mama. Lazima kuwe na wa kuzigeuza namba ziwe sauti, na simu inazigeuza kwa haraka haraka, kama mtu anayekunja nguo za wageni. Chukua hii daki. Kazi yake ni hiyo moja tu."

Daki ilikuwa ndogo kuliko pakiti ya majani ya chai. Bi Shii akaiunganisha: simu kwenye daki, daki kwenye amplifaya, amplifaya kichwani. Shaa ikakatika. Aliposikia kidole cha mpiga gitaa kikiteleza kwenye waya, akasimama bila kujua, akakaa tena. Meza ya mbele, Mzee Posta naye alikuwa amekaa wima kama aliyeitwa jina.

"Mapazia yamekuwa mangapi sasa?" mdogo wake akauliza jioni.

"Usiwe mtoto. Watu wamerudi maktaba. Leo nimekosa kiti cha kumpa mtu upande wa mbele."

"Upande wa mbele tu?"

"Wanapenda kuwa karibu na msimamizi."

"Dada," mdogo wake akasema, "hakuna binadamu anayependa kuwa karibu na msimamizi."

Na kwa kweli mambo mengine hayakuwa sawa, ila Bi Shii aliyapa maelezo. Wasomaji walifungua kurasa kwa pamoja. Aliona ni umakini. Mguu wa bwana wa kulala ulicheza chini ya meza. Alimpa shii, mguu ukatulia, akaona ni ndoto. Mzee Posta alikaa na ukurasa wa matangazo ya viwanja asubuhi nzima. Labda anataka kujenga.

Wiki moja kabla ya kuhesabiwa, mdogo wake akapita kumletea funguo alizosahau. Akasukuma mlango, akasimama. Chumba kimetulia tuli. Watu wameinamia vitabu. Na katikati ya kile kimya kitakatifu, kutoka kichwani kwa dada yake mwenyewe, bendi nzima ilikuwa inapiga. Ndogo, ndiyo, kama bendi ya wadudu, lakini nzima, na saksafoni juu. Dada mtu alikuwa anagonga mihuri bila habari yoyote.

Msusi alimfuata mezani, akamvua zile hedifoni, akajivisha yeye, akamshika mabega akamkalisha kwenye kiti kilichokuwa wazi pembeni ya Mzee Posta.

Bi Shii akasikiliza.

Mwanamke wa kwenye wimbo akavuta pumzi. Ilisikika vizuri sana. Daki ilikuwa inafanya kazi yake.

Mzee Posta akaliinua gazeti mpaka likamfunika uso. Binti wa uuguzi akaanza kupaka rangi mfupa ambao tayari ulikuwa na rangi.

"Dada," msusi akasema baadaye nje, kwenye ngazi, akijizuia kiasi cha ubinadamu, "yaani umewatoa watu kwa karoti. Karoti, dada."

"Najua."

"Na wewe una saksafoni."

"Nimesema najua."

"Halafu unawaambia shii wakitikisa mguu! Wa watu! Unawapigia muziki halafu unawakamata wakicheza!" Hapo ubinadamu ukamwishia, akakaa kwenye ngazi akacheka mpaka akashika ukuta. Bi Shii alisimama pale amenyooka, amekunja mikono, akisubiri kicheko kiishe kwa sababu kilikuwa nje ya mipaka yake ya kazi.

Mshenga alipoulizwa hakukana chochote. "Mama, si nilisema zinapumua? Kupumua ni kuvuta na kutoa. Ulitaka zivute tu?"

"Ungesema."

"Hukuuliza. Uliuliza kama utawasikia. Hukuuliza kama watakusikia."

Bi Shii akachukua zile zilizofungwa nyuma, za kuazima, akaenda nazo kazini siku ya kwanza ya kuhesabiwa. Alikuwa amekata shauri. Chumba ni cha kusomea, kitahesabiwa kikiwa chumba cha kusomea, na wasomaji waliojaa humo watabaki kwa sababu wanapenda kusoma. Alivaa. Dunia ikafa. Muziki ukabaki wake peke yake, na kusema ukweli haukuwa mtamu kama ule, nyota hazikuendana, lakini hakulalamika.

Afisa alikuwa kijana mwenye shati lililopigwa pasi mpaka likakubali, na kidude cha kubonyeza cha kuhesabia watu. Akakaa karibu na mlango.

Wasomaji walikuja kama kawaida. Wakakaa mbele kama kawaida. Wakafungua vitabu, wakasubiri. Mzee Posta aliinamisha kichwa upande, akakiinamisha upande wa pili. Akagusa sikio. Akamwangalia bwana wa kulala, naye akafumbua macho, jambo ambalo halijawahi kutokea saa za kazi. Binti wa uuguzi akapekua ukurasa mmoja, akaupekua tena kurudi. Kupitia ukutani, msumeno ukaanza. Ilipofika saa ya chai, walikuwa wameondoka mmoja mmoja kwa adabu kubwa, kama wageni wa msiba ambao chakula hakikutoka. Afisa alibonyeza kidude chake mara chache, akapiga miayo.

Siku ya pili ikawa mbaya zaidi. Meza za mbele zilikuwa tupu. Mzee Posta alikuja peke yake, akasimama mbele ya Bi Shii mpaka mama huyo akavua hedifoni.

"Bibie," akanong'ona, "kuna hitilafu ya mitambo?"

"Hakuna."

"Maana tulikuwa tumefika kwenye ule wimbo wa treni. Hatujui kama yule aliyepanda alirudi."

Bi Shii akamwangalia. "Mzee wangu. Mlikuwa mnanisikia siku zote hizi?"

"Mwanzoni gitaa tu. Ulipobadilisha kile kiboksi, tukaanza kupata besi. Tulifurahi sana."

"Na hakuna hata mmoja aliyeniambia?"

"Tungekuambiaje?" Mzee Posta akauliza, na hakuwa anamtania. "Kila tukifungua mdomo, ulikuwa unatunyamazisha."

Bi Shii akakaa na zile hedifoni mkononi, akiangalia viti vitupu, na afisa pale mlangoni akisafisha kucha kwa kona ya kadi yake ya kazi. Akawaza dirisha la maegesho. Akawaza vitabu vyake kwenye maboksi, na mkuu akizunguka mjini kutafuta stoo. Lakini pia hakuwa mtu wa kupiga muziki maktabani kwa makusudi. Alipokuwa hajui, ilikuwa ajali. Sasa akijua, ni kelele, na kelele yeye huitoa nje.

Jioni, watu walipoisha, alisimama mbele ya kanuni za chumba zilizobandikwa ukutani. Ameziandika mwenyewe, anazijua kwa kichwa, lakini alizisoma kama mtu anayesoma mkataba wa jirani. Hakuna kula. Hakuna simu. Hakuna maongezi. Kisha ile ya chini kabisa, aliyoiongeza vijana walipoanza kuja na muziki: atakayesikiliza chochote humu ndani avae hedifoni.

Aliirudia. Haikusema hedifoni za aina gani.

Siku ya tatu aliingia mapema. Akaunganisha simu kwenye daki, daki kwenye ile amplifaya ya joto. Akavaa zile za mgongo wazi. Akazungusha sauti mpaka pale pa kawaida, akawaza, akaongeza kidogo, kwa ajili ya msumeno. Akaanzia wimbo wa treni.

Mzee Posta alifika, akasikia, akakaa bila kuvua kofia. Binti wa uuguzi akasimama mlangoni, akarudi nje mbio, akaonekana dakika chache baadaye na darasa karibu zima. Bwana wa kulala akalala, sura yake ikiwa na amani. Mpaka katikati ya asubuhi meza za mbele zilijaa, za kati zikajaa, na watu wakaanza kusogeza viti taratibu, kwa kuvinyanyua, wasivikwaruze. Hakuna aliyeongea. Kwa miaka yote ya maisha yake ya kazi, Bi Shii hakuwahi kuona kimya cha ubora ule.

Afisa alibonyeza, akabonyeza. Kisha akainua kichwa kama mbwa aliyesikia geti. Akazunguka rafu, akaangalia dari, akaangalia feni. Mwishowe akafika mezani.

"Mama, samahani. Kuna sauti humu."

Chumba kizima kikaacha kupumua. Bi Shii akavua hedifoni, akaziweka mezani, na muziki ukamwagika wazi zaidi.

"Inatoka kwangu," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ambayo wengi mle hawakuwa wamewahi kuisikia. "Ni hizi hapa. Kanuni inasema msikilizaji avae hedifoni. Mimi nimevaa. Ukitaka kuandika, andika hivyo hivyo."

Afisa akaangalia kanuni ukutani. Akaangalia zile hedifoni. Akawaangalia watu, ambao wote walikuwa wanamwangalia yeye, na kati yao wanafunzi wa uuguzi, ambao siku moja watamchoma sindano.

"Mimi nimetumwa kuhesabu vichwa," akasema. "Sauti sikutumwa." Akakuna shingo. "Ila pale mlangoni nasikia sikio la kulia tu. Mpiga gitaa wa pili simpati."

Bi Shii akawaza. Akazivaa tena hedifoni, akashika kiti chake, akakigeuza robo, uso ukaelekea rafu ya historia na masikio yakagawana chumba.

"Hapo?"

Afisa akarudi mlangoni, akakaa, akasikiliza. Akainua kidole gumba. Kisha akajibonyeza na yeye mwenyewe, kwa kuwa alikuwa kwenye kiti.

Hesabu ya wiki ilipita nusu, kwa shida, kwa sababu zile siku mbili za kwanza ziliivuta chini. Mkuu wa idara alipeleka madirisha yake ya maegesho kwenye ukumbi wa mikutano, ambao haujawahi kumtoa mtu nje. Bi Shii akamnunulia mdogo wake mapazia, ya rangi ambayo mdogo wake hakuipenda.

Zile za kuazima alizirudisha kwa Mshenga, akamweleza yote, mpaka shingo yake inavyouma siku hizi kwa kukaa upande. Mshenga akamsikiliza kwa huruma ya kibiashara, akaingia chini ya meza, akatoka na masanduku mawili ya mbao.

"Mama, kama ni hivyo, mbona kazi ni ndogo? Weka spika. Hizi na ile amplifaya ya joto, utaionea wivu ndoa yao."

Bi Shii akarudi nyuma hatua, akamkazia macho kama anavyomkazia mtu aliyetafuna karoti.

"Spika?" akasema. "Maktabani?"

Akachukua mkoba wake, akaondoka, na mpaka leo hajui kama Mshenga alikuwa anatania.